Basi la Harusi Nililolisimamisha

Ninyi mlioanza kazi ya barabara juzi hamkupata kuona basi likicheza. Sisemi kuyumba kwa ulevi wala kwa mashimo ya njia. Nasema kucheza ngoma. Katika miaka ile ya mwisho kabla ya Uhuru, watu wa Kisauni, Likoni na Changamwe walipokwenda kumchukua bi harusi walikodi basi zima. Wanawake walikaa nyuma na matari yao, wakaimba, na dereva akalipeleka basi kushoto na kulia kwa kufuata mapigo, huku honi ikiitikia. Ufundi wake haukuwa mdogo. Ilitakiwa gia ya tatu, mguu usiotetemeka, mkono mmoja wa usukani na mmoja wa honi, na dereva ahisi uzito wa watu umeelemea wapi kabla ya kuurudisha upande wa pili. Aliyeweza alitunzwa leso shingoni na kunyunyiziwa marashi, hata akashuka ananukia kuliko bwana harusi.

Mimi ndiye niliyeukataza mchezo huo katika kampuni yetu, na kwa kuukataza sioni haya. Haya zangu ni za mengine, nayo ndiyo nitakayowaeleza, kwa sababu baadhi yenu mmevaa sare kama niliyovaa mimi, na mmepewa uwezo wa kuinua mkono gari likasimama.

Nilikuwa mkaguzi wa mabasi, gereji yetu ikiwa Changamwe. Skuli niliiacha mapema. Niliingia kazini kwa kuosha mabasi, na kila nilipopata nafasi nilisoma kitabu cha Kiingereza cha ufundi wa magari kisichokuwa na jalada, kamusi ikiwa pajani, neno baada ya neno, mpaka nikakifahamu. Mtu aliyejifundisha mwenyewe ana hatari yake, na wale miongoni mwenu walio kama mimi wanisikilize hapa. Kila anachokijua amekipata kwa jasho, kwa hiyo hukishika kwa mikono miwili, na mikono yake haibaki na nafasi ya kupokea cha mwenziwe.

Kuendesha sikujifundisha. Nilifundishwa na Rashidi Bakari, mtu wa Jomvu Kuu, aliyekuwa dereva wakati mimi ningali na ndoo na kitambaa. Somo lake la kwanza halikuwa kwenye usukani. Alinikalisha kiti cha nyuma kabisa, juu ya tairi, tukaenda hadi Mazeras na kurudi.

"Umejifunza nini?" akaniuliza.

"Mgongo waniuma, Kaka Rashidi."

"Ndilo somo. Siku ukiwa dereva, kumbuka pana mtu amekaa pale."

Msidhani alikuwa mpole au mnyenyekevu. Alikuwa mwenye majivuno, akivaa kofia ya vito, ile ya kutariziwa kwa mkono, iliyopigwa pasi hata siku ya kupeleka basi kutiwa grisi. Na alikuwa mwingi wa visingizio. Akichelewa, daraja lilikuwa limelala. Akikwaruza bodi, ukuta ulikuwa umesogea. Siku moja nilimwona akilichezesha basi tupu kwenye njia ya Port Reitz, halina abiria hata mmoja. Nikamuuliza kulikoni. Akaniambia kwa uso mkavu kwamba nyuki ameingia ndani naye alikuwa akimtafutia mlango.

Sasa nije kwenye ile amri ya kukataza mchezo. Kisauni, dereva wetu mmoja alikuwa akicheza na bi harusi ndani, na kwenye kona akakutana na mtu wa baiskeli aliyechukua madafu. Basi lilikuwa limeelemea upande wake. Yule mtu alikatwa mguu. Kampuni ilinituma hospitali kumpa pole, nikakaa kando ya kitanda. Yeye ndiye aliyeanza kusema.

"Ilikuwa harusi ya nani?"

Nikamtajia jina la baba wa bi harusi. Akafikiri, akatikisa kichwa.

"Siwajui," akasema.

Neno hilo ndilo lililonifanya niandike amri. Mtu anaweza kuukubali msukosuko wake mwenyewe. Walio ndani ya basi wameukubali, wamelipa, na wanaimba. Aliye nje hakuulizwa. Nililiona hivyo siku ile na naliona hivyo hadi leo.

Niliwaita madereva wote gereji nikawaeleza. Rashidi alikaa mbele, mguu juu ya mguu.

"Watu wamekodi basi," akasema. "Wamelipa. Wataka lichezwe. Wewe wakataza kama nani?"

"Yule wa baiskeli hakukodi, Kaka Rashidi."

"Basi tutacheza pasipo na baiskeli."

Wakacheka. Dereva mwengine akauliza iwapo nchi itajitawala na wao wasijitawale hata kwenye usukani. Hapo wakacheka zaidi, nami nikaona uso unanichoma. Nikasema kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika kwamba dereva nitakayemwona akicheza, nitamshusha pale pale, mbele ya watu wake. Maneno hayo ya "pale pale" niliyatunga mwenyewe. Meneja aliyapenda. Nami niliyapenda zaidi ya meneja.

Miezi ikapita bila harusi yoyote kuchezewa mbele yangu. Kisha ikaja ile ya Chaani.

Bi harusi alitoka Chaani akipelekwa Jomvu Kuu, na Rashidi ndiye aliyepewa basi. Ilikuwa baada ya sala ya alasiri. Nilisimama kwenye njia ya Jomvu, pale mteremko unapoanza, kwa sababu nilijua mapigo ya matari hukolea karibu na kwa bwana harusi, na dereva akiwa mtu wa kwao hukolea zaidi. Nilivaa koti langu refu la kaki la kampuni na beji kifuani. Basi likatokea. Lilikuwa likienda kushoto, likarudi kulia, likaenda tena kushoto.

Nikainua mkono.

Sasa ngojeni niwaeleze nilichokiona nisikitambue. Basi lilikuja polepole. Anayecheza haendi polepole, kwa kuwa basi zito halichezi bila mwendo. Tena honi ilikuwa kimya. Sijapata kuona dereva akicheza bila honi, na Rashidi hasa, honi ilikuwa ndiyo sauti yake. Haya yote yalikuwa mbele ya macho yangu, na kichwani mlikuwa na maneno mawili tu: pale pale.

"Shuka, Kaka Rashidi," nikasema.

Hakushuka mara moja. Alinitazama kutoka juu, jasho likimtiririka chini ya kofia. "Omari, njoo ushike usukani, kisha useme."

"Kuna nyuki tena?"

Kondakta akacheka. Rashidi hakucheka. "Usukani una ulegevu. Kile kiungo cha chini kimekwisha. Nimewaambia gereji hata nimechoka kusema. Njoo ushike."

Ingenichukua muda gani? Gari likiwa limesimama, unazungusha usukani kwa vidole viwili na kutazama matairi ya mbele. Usukani ukizunguka upana wa vidole vitatu na tairi halijatikisika, gari hilo halina budi kuyumba hata akiliendesha malaika. Nilikijua kipimo hicho, na madereva wapya mimi ndiye niliyekuwa nikiwafundisha. Lakini nilikuwa nimekwisha kusema shuka mbele ya watu.

Kutoka nyuma akaja Bi Mwanakombo, somo wa bi harusi, yaani kungwi wake, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha. Nilimwamkia.

"Shikamoo, Bi Mwanakombo."

"Marahaba. Sasa mbona watusimamisha? Mwari ametolewa kwao. Hasimamishwi njiani, wala hakanyagi chini mpaka mlangoni kwa mumewe. Kwani nyinyi hamjaoza kwenu?"

"Dereva alikuwa yuwacheza, Bibi."

"Kucheza gani? Tangu Chaani twampigia matari, mtu amenuna kama yuwapeleka maiti. Mimi nshamtukana mara mbili kwa kutocheza."

Hata hilo nililisikia, vijana, wala sikulitia maanani. Nikamwambia Rashidi tena ashuke, na safari hii akashuka. Alipopita kando yangu alisema kwa sauti ndogo, watu wasisikie: "Lishike limevuta kidogo kushoto, usilirudishe kwa nguvu. Usishindane nalo." Kisha akasimama ukingoni mwa njia, mtu mzima, dereva wa miaka yote ile, katika nguo zake za harusi ya jirani zake, nami nikaondoa basi nikamwacha pale. Dereva mwengine sikuwa naye, hivyo nilikaa mimi.

Halikwenda mbali kabla ya kunionyesha. Lilikwenda kulia. Nikalirudisha, likapita katikati likaenda kushoto. Nikalirudisha kwa nguvu zaidi, nalo likapita kwa nguvu zaidi. Nyuma mwanamke mmoja akapiga kigelegele.

"Kumbe yuwalitaka mwenyewe," akasema. "Amemshusha mwenziwe apate kucheza yeye."

Matari yakaanza. Wakaniimbia. Niliushika usukani kama mtu anayemkaba mwizi, mteremko nao ukatuchukua, na kwenye kona ya chini niliuzungusha usukani nao haukuzungusha kitu. Tuliingia shambani mwa mihogo. Mihogo ndiyo iliyotusimamisha, na udongo ulikuwa laini kwa mvua. Nashukuru Mungu kwamba palikuwa mihogo, si mtu wa baiskeli. Wanawake walivunjikiwa na bangili za vioo mikononi na mmoja aliteguka kifundo cha mguu. Zaidi ya hapo, hapana.

Lakini basi lilikuwa limeinama, na bi harusi ilibidi ashuke.

Wanawake hawakunitukana. Ningefurahi lau wangenitukana. Bi Mwanakombo alishuka, akatazama tope, akatazama umbali wa kwenda Jomvu, akavua leso yake ya juu akaitandika chini. Mwengine akatandika yake mbele ya ile. Bi harusi akatolewa, amefunikwa gubigubi, akakanyaga leso ya kwanza, kisha ya pili, na iliyobaki nyuma ikaokotwa na kupelekwa mbele. Hivyo ndivyo walivyoanza safari. Walipofika penye maji, leso hazikutosha. Bi Mwanakombo akageuka.

"Hilo koti lako ni refu," akasema. "Lete."

Nikalivua.

"Litandike mwenyewe. Vizuri, lisikunjike."

Nilipiga magoti nikalitandika kwenye tope, koti la kampuni, beji ikiwa juu, na sikupata muda wa kuiondoa kwa sababu mguu wenye hina ulikuwa umekwisha kuja. Msichana alikuwa akilia ndani ya mashela yake, kilio cha chini. Alipopita niliposimama nilimsikia akimwuliza somo wake: "Nimekanyaga chini, Bi?" Naye akamjibu, "Hujakanyaga, mwanangu. Hujakanyaga."

Kutoka siku hiyo Jomvu nzima iliniita Bwana Koti. Kwa hiyo ninayowaeleza si siri. Kuna wazee huko ambao jina langu la Omari hawalijui.

Rashidi alifika kwa miguu wakati wanawake wamekwisha kuzunguka kona. Aliinama chini ya basi, akashika kile kiungo akakitikisa kwa mkono, kikalia kama kijiko ndani ya kikombe. Akanitazama. Nilitaka aseme neno lolote. Alisema, "Tutafute kamba," akaenda kutafuta.

Nilimweleza meneja mambo yote kama yalivyokuwa. Nilisema nimekosea, na kwamba Rashidi hakuwa akicheza. Nilitumaini yaishe hapo. Meneja alinisikiliza, akasema kosa langu ni la bidii na bidii haiadhibiwi. Kisha akamgeukia Rashidi.

"Ulijua usukani ni mbovu?"

"Nilijua."

"Na ulipakia watu?"

"Mwezi uliopita nililikataa basi hilo hilo," akasema Rashidi. "Nikaambiwa nikae nyumbani, na mshahara wa siku hiyo nikakatwa. Mara hii nimekubali."

Meneja akasema dereva anayepakia abiria kwenye gari analojua ni bovu hafai kuwa dereva. Na ubaya wa maneno yale ni kwamba yalikuwa kweli. Rashidi hakupaswa kuliendesha. Hata yeye hakubisha. Lakini nilipokuwa nimesimama pale nilitambua nilichokifanya katika ile amri niliyojivunia. Nilikuwa nimeandika dereva asicheze, asikimbize, asipakie kupita kiasi, asivute sigara. Popote sikuandika kwamba dereva anaweza kukataa gari bovu na mshahara wake usiguswe. Niliubana uhuru wake wote pale anapoweza kuutumia vibaya, na pale alipouhitaji kwa usalama wa watu hakuwa nao hata kidogo. Wala sikulisema hilo mbele ya meneja. Nililifikiri tu.

Rashidi akafukuzwa. Siku chache baadaye nikatumwa kwake kuchukua beji yake ya udereva, kwa kuwa ilikuwa mali ya kampuni.

Nilimkuta barazani Jomvu Kuu. Mkewe, Mama Zuhura, aliniletea kahawa na haluwa kama mgeni yeyote, akaniuliza hali ya watu wangu mmoja mmoja. Beji ilikuwa tayari, imewekwa juu ya dirisha. Nikaitia mfukoni. Nilikuwa nimejitayarisha kwa lawama, hata majibu nilikuwa nayo.

"Lile basi limeshatengenezwa?" Rashidi akauliza.

"Limenyoshwa bodi. Limerudi njiani."

"Nauliza kile kiungo."

"Spea yangojewa kutoka Nairobi. Fundi amekikaza."

"Kukikaza hakufai kitu. Kimekwisha. Yuwaliendesha nani?"

Nikamtajia dereva mpya, kijana wa Taita aliyeajiriwa mahali pake.

"Umemwambia?"

Nikanywa kahawa. Kikombe kilikuwa tupu, lakini nilikinywa.

Rashidi akaitisha viatu vyake. Hakugomba, hakusema tunakwenda wapi, nami nikamfuata. Tulipofika kwenye njia kubwa alisimama kivulini mwa duka, akatazama upande wa Mazeras, kwa sababu saa hizo ndizo basi lile lilizorudi na watu wa sokoni.

"Meneja ameamuru lifanye kazi," nikamwambia. "Nikilisimamisha atanifukuza."

"Atakufukuza," akasema. "Sasa laja."

Lilikuwa likija kweli, limejaa, mikungu ya ndizi juu ya paa. Lilikwenda kidogo kushoto, likarudi, likaenda kidogo kulia. Pembeni ya njia, upande wetu, walikuwa wakitembea wanawake wawili na vikapu kichwani, wameligeuzia gari mgongo. Nikamwambia Rashidi alisimamishe yeye, madereva wote wanamjua.

"Sina beji, Omari. Nikiinua mkono mimi, watanipungia. Inua wewe."

Niliinua. Kijana wa Taita akasimama, akanitazama kwa hofu, akauliza amekosa nini. Nikamwambia hakukosa. Nikapanda, nikazungusha usukani kwa vidole viwili, na kuwaambia watu washuke. Walinitukana kwa lugha zao zote. Bibi mmoja aliniuliza iwapo nitambebea ndizi zake hadi Changamwe, na Rashidi ndiye aliyezibeba.

Basi lilikaa pale hadi spea ilipofika, nayo ilifika upesi sana, kumaanisha ingeweza kufika tangu zamani. Sikufukuzwa. Baadaye nikaandika kanuni ya dereva kukataa gari bovu, ikapita, na kwa hiyo nimewahi kupongezwa mbele ya watu. Rashidi hakurudishwa. Aliendesha lori la mawe Mazeras mpaka nguvu zikamwisha.

Vijana wanaonijua huitaja siku ile ya pili, wakisema nilithubutu kulisimamisha basi la kampuni yangu mwenyewe. Huwa nawaacha waseme, na nikiwa peke yangu naona haya, kwa kuwa najua kilichouinua mkono wangu. Rashidi alikuwa amesimama kando yangu akinitazama. Angalibaki barazani kwake na kahawa yake, basi lile lingalinipita hapo njiani, na mimi ndiye ambaye ningalilipungia mkono.